Uvimbe shingoni mwa mtoto: Kipimo kitangulie dawa

WAZAZI wengi wamewahi kupapasa shingo ya mtoto wakati wa kumwogesha na kukuta kivimbe kidogo, mithili ya punje ya harage, kikitembea chini ya ngozi. Mara nyingi kivimbe hicho hupotea chenyewe bila mtu kujua kilikotoka wala kilikokwenda. Lakini wapo watoto ambao kivimbe chao hukaa na kukua, na baada ya miezi kadhaa ya kupewa vidonge vya aina mbalimbali, hufikishwa hospitali ya rufaa wakiwa hawawezi hata kulala chali kwa kukosa pumzi.

Tofauti kati ya watoto hao wawili haionekani kwa macho siku ya kwanza. Ndiyo maana uvimbe wa shingo ni miongoni mwa matatizo yanayompa kazi ngumu tabibu wa zahanati au kituo cha afya, mahali ambapo hakuna mashine ya altrasaundi, hakuna mtaalamu wa patholojia, na foleni ya wagonjwa ni ndefu. Akimpeleka kila mtoto mwenye tezi hospitali ya mkoa, atazijaza hospitali hizo watoto wasio na tatizo. Akimrudisha kila mtoto nyumbani na dawa, yuko atakayerudi akiwa amechelewa.

Hata hivyo, uzoefu wa hospitali za Afrika Mashariki unaonyesha kuwa ufumbuzi hautegemei mashine za gharama kubwa peke yake. Sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa kwa maswali sahihi, vidole vya mganga, sindano nyembamba na uamuzi wa kutompa mtoto dawa nzito kabla ya kupima.

Tezi za shingo na kazi yake

Shingo imejaa tezi za limfu. Inakadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya tezi zote za aina hiyo mwilini ziko kichwani na shingoni. Kazi yake ni kuchuja vimelea vinavyotoka puani, mdomoni, kooni, masikioni na kichwani, na kuwaandaa askari wa mwili wa kupambana navyo. Vita inapopamba moto, tezi huvimba.

Kwa kuwa mtoto hukutana na vimelea vingi kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya mwanzo, tezi zake huwa na kazi nyingi kuliko za mtu mzima. Kwa sababu hiyo, mtoto mwenye afya njema anaweza kuwa na tezi ndogo zinazopapasika shingoni, laini, zinazotembea na zisizozidi sentimita moja, bila kuwa na ugonjwa wowote.

Chanzo cha tezi kuvimba mara nyingi kiko karibu nayo. Jino lililooza huvimbisha tezi za chini ya taya. Mafindofindo huvimbisha zile za pembeni mwa koo. Mapunye na vidonda vya kichwani vinavyotokana na chawa huvimbisha tezi za kisogoni. Mganga anayeangalia tezi pekee bila kumwambia mtoto afungue mdomo, au bila kumvua kofia, anaweza kukosa jibu lililo mbele ya macho yake.

Ikumbukwe pia kuwa si kila kinachovimba shingoni ni tezi ya limfu. Matubwitubwi, ambayo watu wa pwani huyaita perema, huvimbisha tezi ya mate iliyo mbele na chini ya sikio hadi pembe ya taya hufichika. Rovu ni uvimbe wa tezi ya koo, na kwa miaka mingi ulionekana zaidi katika maeneo ya nyanda za juu ambako chakula kilikosa madini joto, kabla ya matumizi ya chumvi iliyotiwa madini hayo kuenea.

Makundi matatu

Wataalamu hugawa uvimbe wa shingo kwa watoto katika makundi makubwa matatu. Kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa, ni la maambukizi. Kundi la pili ni la kasoro za maumbile ambazo mtoto huzaliwa nazo, ingawa nyingine huonekana baada ya miaka. Kundi la tatu ni la uvimbe unaotokana na seli kukua bila mpangilio, zikiwamo saratani.

Maswali manne husaidia kulitambua kundi. Mtoto ana umri gani? Uvimbe umekuwapo kwa muda gani? Uko sehemu gani ya shingo? Je, unauma?

Uvimbe uliotokea ndani ya siku chache, mwekundu, wenye joto na maumivu, pamoja na homa, kwa kawaida ni maambukizi ya bakteria. Uvimbe uliokuwapo kwa wiki au miezi, usiouma, huelekeza kwenye kifua kikuu, maambukizi ya Virusi vya Ukimwi (VVU) au saratani. Uvimbe uliokuwapo tangu kuzaliwa, au unaovimba na kunywea kila mtoto anapopata mafua, huelekeza kwenye kasoro za maumbile.

Mahali nako kunasema mengi. Uvimbe wa katikati kabisa ya shingo, unaopanda mtoto anapomeza au anapotoa ulimi nje, mara nyingi ni kifuko kilichobaki pale tezi ya koo ilipoteremka kutoka kwenye shina la ulimi wakati mtoto akiwa tumboni. Uvimbe wa pembeni, mbele ya msuli mkubwa wa shingo, unaweza kuwa kifuko kingine kilichosalia tangu mimba ilipokuwa changa. Uvimbe mkubwa, mwororo kama mfuko wa maji, unaopitisha mwanga wa tochi katika chumba chenye giza, ni kasoro ya mishipa ya limfu.

Kwa mtoto mchanga wa wiki mbili hadi nne, donge gumu ndani ya msuli wa shingo huku kichwa kikiinamia upande mmoja huwatisha wazazi wengi. Donge hilo ni kovu la msuli, na kwa watoto walio wengi huisha kwa kunyooshwa shingo taratibu kama mtaalamu wa viungo atakavyoelekeza. Halihitaji kisu.

Lakini uvimbe ulio juu tu ya mfupa wa mtulinga hauna mjadala. Tezi za eneo hilo hupokea majimaji kutoka kifuani na tumboni, na kuvimba kwake kwa mtoto wa umri wowote ni sababu tosha ya kumpeleka hospitali kubwa haraka.

Kifua kikuu cha tezi

Katika nchi ambazo kifua kikuu (TB) bado ni tatizo kubwa, tezi za shingo ndizo mahali ambapo ugonjwa huo hujitokeza mara nyingi zaidi kwa watoto nje ya mapafu. Tezi huvimba polepole bila maumivu makali, kisha kadhaa hushikamana na kuwa fungu moja. Zikiachwa, hulainika, ngozi hubadilika rangi, na hatimaye hupasuka na kutoa usaha kwa wiki nyingi bila kufunga.

Mtoto mwenye kifua kikuu cha tezi anaweza asikohoe kabisa. Anaweza kucheza na kula kama kawaida. Jambo hilo huwafanya wazazi kudhani kuwa tatizo ni dogo, na huwafanya baadhi ya watoa huduma kusahau kuuliza swali muhimu: je, kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa muda mrefu au anayetumia dawa za TB?

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inataja fungu la tezi lisilouma, linalozidi sentimita mbili kwa mbili, lililoshikamana na nyama za chini yake na lisilopungua baada ya dozi ya viuavijasumu, kuwa dalili ya kutilia shaka kifua kikuu. Tezi ya kwapani upande ule mtoto mchanga aliochanjwa chanjo ya BCG ni jambo jingine. Hiyo mara nyingi hutokana na chanjo yenyewe na nyingi hupona bila dawa. Hata hivyo mtoto huyo achunguzwe, hasa kama mama yake anaishi na VVU.

Kwa upande wa VVU, tezi zilizovimba sehemu nyingi za mwili, yaani shingoni, kwapani na kinenani, huweza kuwa dalili ya mwanzo kabisa. Aidha, mtoto anayeishi na virusi hivyo yuko katika hatari zaidi ya kupata kifua kikuu na aina fulani za saratani za tezi. Kipimo cha VVU ni cha bei nafuu na majibu yake hutoka ndani ya dakika chache. Kila mtoto mwenye uvimbe wa shingo usioeleweka anastahili kupimwa, kwa ridhaa ya mzazi au mlezi.

Saratani iliyogunduliwa Kampala

Saratani kwa watoto si ugonjwa wa Ulaya na Marekani pekee. Moja ya saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu ilielezwa kitaalamu katika Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 kupita nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali kama uvimbe huo unajulikana. Walibaini kuwa ugonjwa uko kwenye maeneo yenye joto na mvua, ule ukanda ambao malaria haipungui mwaka mzima, na haupo kwenye miinuko yenye baridi.

Sampuli zilizopelekwa London zilimwezesha Anthony Epstein na wasaidizi wake Bert Achong na Yvonne Barr kuona, mwaka 1964, kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Watoto wengi wa Afrika huambukizwa kirusi hicho katika miaka ya mwanzo ya maisha bila kuugua. Maambukizi hayo yakiungana na malaria ya mara kwa mara, hatari ya kupata limfoma ya Burkitt huongezeka. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa umri wa kuanza shule, na wavulana kuliko wasichana. Taya huvimba, meno hulegea, jicho huweza kusukumwa nje, na kwa wengine uvimbe huanzia tumboni au shingoni. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, wiki mbili za kusubiri ni muda mrefu mno.

Limfoma ya Hodgkin huenda kinyume chake. Huanza na tezi ya shingo isiyouma, inayoteleza vidoleni kama mpira mgumu, na hukua kwa miezi. Mwendo huo wa polepole ndio unaoifanya ifanane sana na kifua kikuu. Saratani ya damu, saratani ya koo la nyuma ya pua, saratani za misuli na Kaposi nazo zinaweza kuanza kujionyesha shingoni.

Pale dawa inapotangulia kipimo

Kwa kuwa kifua kikuu ni ugonjwa wa kawaida na dawa zake hutolewa bure, ni rahisi mtoto mwenye tezi zilizovimba kuanzishiwa dawa hizo bila kupimwa. Kwa wengi uamuzi huo huwa sahihi. Lakini ripoti kutoka nchi mbalimbali za Afrika zimeonyesha wagonjwa wa limfoma waliotumia dawa za TB kwa miezi kabla ya ugonjwa wao halisi kugundulika.

Kuna mtego ndani ya jambo hilo. Hata mtoto mwenye kifua kikuu cha kweli anaweza kuona tezi zake zikikua katika wiki za mwanzo za tiba, kutokana na mwili kupata nguvu ya kupambana na mabaki ya vimelea. Hivyo uvimbe unapoongezeka, familia na watoa huduma huambiwa wavumilie. Kama hakuna kipimo kilichochukuliwa mwanzoni, hakuna njia ya kujua nani avumilie na nani akimbizwe hospitali.

Hatari nyingine ni dawa za kundi la steroidi, kama prednisoloni. Dawa hizo zinaweza kuuyeyusha uvimbe wa limfoma au wa saratani ya damu kwa siku chache. Mzazi hufurahi, mtoto huonekana amepona, kisha ugonjwa hurudi kwa nguvu, na kinyama kilichokatwa wakati huo huweza kushindwa kutoa jibu. Kanuni ni kwamba mtoto mwenye tezi zisizoeleweka asipewe steroidi kabla ya kupimwa, isipokuwa pale daktari anapookoa uhai wake.

Kupasua nako kuna utaratibu wake. Jipu la kawaida lililoiva hupasuliwa na kupona. Tezi ya kifua kikuu ikipasuliwa kama jipu huweza kuacha tundu linalotoa usaha kwa miezi. Chale zinazochanjwa juu ya uvimbe huongeza maambukizi mapya juu ya ugonjwa wa zamani. Ukataji wa kimeo, unaofanywa na baadhi ya waganga wa jadi kwa imani kuwa ndicho chanzo cha kikohozi na kudhoofu kwa mtoto, huweza kusababisha damu kuvuja bila kukoma na usaha kujikusanya ndani ya shingo.

Sindano nyembamba

Kipimo ambacho wataalamu wanakiona kuwa mkombozi wa hospitali zenye uwezo mdogo ni kufyonza seli kwa sindano nyembamba. Sindano hiyo ni ile ile inayotumika kuchoma dawa au kutoa damu. Mtoto hashonwi na halazwi, na kwa kawaida hachomwi dawa ya usingizi. Seli zilizofyonzwa hupakwa kwenye kioo, hukaushwa na kutiwa rangi. Rangi ya Giemsa, ambayo maabara nyingi huwa nayo kwa ajili ya kutafuta vimelea vya malaria, inafaa pia kwa kazi hiyo.

Majibu yanaweza kupatikana siku hiyo hiyo pale alipo mtu aliyefundishwa kusoma kioo. Anaweza kuona usaha wa bakteria, uharibifu wa tezi unaofanana na jibini ambao ni alama ya kifua kikuu, au seli za limfoma. Matone yanayobaki ndani ya sindano hayatupwi. Huweza kupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliidhinisha matumizi ya kipimo chake cha TB mwaka 2010 na ambayo sasa iko katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Ndani ya saa mbili hivi, mashine hiyo hueleza kama kuna vimelea vya kifua kikuu na kama ni sugu kwa dawa ya rifampisini.

Kila kipimo kina mipaka yake. Jibu hasi la GeneXpert haliondoi kabisa uwezekano wa kifua kikuu, kwa sababu vimelea ndani ya tezi huweza kuwa vichache. Limfoma ya Hodgkin nayo ina seli za saratani chache zilizotawanyika kati ya seli za kawaida, na sindano inaweza kuzikosa. Pale majibu ya sindano yanapopingana na hali ya mtoto, tezi nzima hutolewa kwa upasuaji mdogo ili ichunguzwe.

Hapo kuna jambo dogo linaloharibu kazi nyingi. Tezi ikishatolewa, hutumbukizwa yote ndani ya formalini. Dawa hiyo huhifadhi umbo la seli, lakini huua vimelea vya kifua kikuu na kufanya visiweze kuoteshwa. Njia sahihi ni kuigawa: kipande kimoja kiende kwenye formalini kwa ajili ya patholojia, kingine kwenye maji ya chumvi yaliyo safi kabisa kwa ajili ya maabara ya TB. Gharama yake ni chupa moja ya ziada.

Altrasaundi, inapopatikana, hutofautisha mfuko wa maji na nyama ngumu bila kumwangazia mtoto mionzi. Picha ya eksirei ya kifua ni ya lazima kabla ya mtoto mwenye tezi za kutilia shaka kupewa dawa ya usingizi. Limfoma inaweza kuwa imejificha kifuani na kubana njia ya hewa. Mtoto anayepumua vizuri akiwa ameketi anaweza kuzibwa pumzi mara tu anapolazwa na misuli yake kulegea.

Tatizo lililo kubwa zaidi ni watu. Wataalamu wa patholojia ni wachache na wengi wako katika hospitali kubwa za mijini. Sampuli kutoka wilayani husafiri mwendo mrefu, na jibu likichelewa kurudi, mtoto anaweza kuwa ameshabadilika hali. Kufundisha madaktari na mafundi maabara wa mikoani kutumia sindano nyembamba, na kutuma picha za vioo kwa njia ya intaneti kwa wataalamu walio mbali, ni hatua ambazo zimeanza kupunguza pengo hilo katika nchi kadhaa.

Tiba ipo

Kwa maambukizi ya bakteria, mtoto hupewa viuavijasumu vinavyoua vimelea vya ngozi na koo, kwa kawaida kwa siku saba hadi kumi, na hutakiwa kuonwa tena baada ya siku mbili au tatu. Usaha ukijikusanya, hutolewa. Jino bovu likiachwa mdomoni, tezi itavimba tena.

Kifua kikuu cha tezi hutibika. Kwa miaka mingi dozi yake ilikuwa ya miezi sita. Mwaka 2022, baada ya utafiti uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, WHO ilipendekeza kuwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka 16 wenye kifua kikuu kisicho kali, ikiwamo cha tezi za shingo, wanaweza kutibiwa kwa miezi minne. Vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji, vyenye ladha ya matunda, vimeondoa usumbufu wa kuvunja vidonge vya watu wazima. Watu wote wanaoishi na mtoto huyo wanapaswa kuchunguzwa, maana mtoto ameambukizwa na mtu.

Kasoro za maumbile hutibiwa kwa upasuaji uliopangwa. Kifuko cha katikati ya shingo huondolewa pamoja na sehemu ya kati ya mfupa mdogo wa hioidi, kwa njia aliyoieleza daktari Mmarekani Walter Sistrunk mwaka 1920. Kikitolewa peke yake, mara nyingi hurudi. Kabla ya hapo ni lazima kuhakikisha kuwa mtoto ana tezi nyingine ya koo mahali pake. Mifuko ya limfu inaweza kupunguzwa kwa kuchomwa dawa kama bleomisini badala ya kukatwa.

Limfoma ya Burkitt hutibiwa kwa tibakemia, na dawa yake kuu, siklofosfamaidi, ni ya zamani na si ghali ikilinganishwa na dawa nyingi za saratani. Uvimbe hunywea kwa kasi ya kushangaza. Kasi hiyo yenyewe ni hatari, kwa kuwa mabaki ya seli zilizokufa huweza kuziba figo, hivyo mtoto hupewa maji mengi kwa mshipa na kufuatiliwa mkojo wake saa kwa saa. Kwa sababu hiyo tiba hii haifanyiki zahanati.

Nchini Tanzania, watoto wenye saratani hutibiwa katika hospitali kubwa, zikiwamo Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Kenya inatoa huduma hiyo katika Hospitali ya Taifa Kenyatta na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, miongoni mwa nyingine.

Nauli na kitanda

Kwa mujibu wa WHO, katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilizindua mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo mwaka 2030, na limfoma ya Burkitt na ya Hodgkin zimo katika saratani sita zilizopewa kipaumbele kwa kuwa zinaponyeka.

Pengo hilo halielezwi na ukosefu wa dawa pekee. Familia huuza mbuzi ili kupata nauli ya safari ya kwanza. Baba hubaki shambani, mama hukaa hospitali kwa miezi, na watoto wengine hubaki kwa bibi. Uvimbe ukishanywea baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa, wazo la kurudi nyumbani huwa na nguvu. Mtoto anaonekana mzima, shule imefunguliwa, fedha zimekwisha. Akikatisha tiba hapo, seli zilizobaki hukua tena, na safari hii huwa sugu.

Ndiyo maana vituo vinavyofanya vizuri vimeunganisha tiba na mahitaji hayo: malazi ya mama na mtoto karibu na hospitali, chakula, nauli ya kurudi kwa mzunguko unaofuata, darasa wodini na simu ya kumkumbusha mzazi siku yake. Kwa mgonjwa wa kijijini, tiketi ya basi inaweza kuwa na uzito sawa na chupa ya dawa.

Lini mzazi ashtuke

Tezi ndogo, laini, inayotembea kwa mtoto mwenye mafua au jino bovu inaweza kuangaliwa nyumbani kwa wiki mbili hadi nne. Katika muda huo mzazi aiangalie mara moja kwa wiki bila kuiminya kila siku, kwani kuiminya huifanya iume na kuvimba zaidi.

Mtoto apelekwe kituo cha afya bila kungoja muda huo kuisha endapo uvimbe unazidi sentimita mbili, ambao ni takriban upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Unakua wiki hadi wiki. Ni mgumu au haujongei. Uko juu ya mtulinga. Au unaambatana na homa isiyoisha, jasho jingi usiku, kupungua uzito, weupe wa viganja au madoa ya damu kwenye ngozi. Taya linalovimba na meno yanayolegea kabla ya wakati ni dalili za kwenda siku hiyo hiyo.

Mtoto anayetoa mlio anapovuta pumzi, anayedondosha mate kwa kushindwa kumeza, asiyeweza kulala chali au aliyekakamaa shingo kwa homa kali ni mgonjwa wa dharura. Hata kama ni usiku, apelekwe hospitali akiwa ameketi kwa namna anayopata nafuu.

Mzazi ana haki ya kuuliza maswali mawili kabla ya kupokea dawa ya muda mrefu: ugonjwa gani unatibiwa, na umethibitishwa kwa kipimo gani? Kama jibu ni kwamba kipimo hakipo hapo, swali la tatu ni kipimo hicho kiko wapi. Cheti cha rufaa kilichoandikwa vizuri, chenye tarehe uvimbe ulipoanza, ukubwa wake, dawa zilizotumika na majibu ya VVU, humwokolea mtoto wiki nzima ya kuanza upya anapofika hospitali kubwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa watoto wengi ufa huo huzibwa kwa sindano nyembamba, kioo cha maabara na jibu linalorudi kwa wakati.